Kuhakiki Badiliko: Mafunzo ya Chombo cha Git kwa Wakusanyaji wa Maneno wa Pwani ya Sudi

1. Kusudi la makala

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi badiliko linavyopendekezwa, linavyohakikiwa, na linavyokubaliwa au kukataliwa katika chombo cha kompyuta kiitwacho Git. Kisha kuonyesha kwa nini utaratibu huo watuhusu sisi tunaokusanya na kuhariri maneno na maandishi ya Kiswahili. Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi mambo ya sarufi, lahaja na tenzi huenda akashangaa. Lakini kazi ya Git si kupiga hesabu wala kuchora picha. Kazi yake ni maandishi: huyaweka, huonyesha yalivyokuwa jana na yalivyo leo, na hutaja ni nani aliyeyabadili na kwa sababu gani. Hayo ndiyo mambo ambayo kila mhariri wa miswada hujiuliza, na mara nyingi hapati jibu.

Mfano wetu utakuwa Sudi, mji mdogo wa kale ulio kando ya hori, kusini ya Lindi, katika pwani ile ambayo zamani iliitwa Mgao na ambayo lahaja yake wataalamu waliiita Kimgao. Lahaja za kusini hazikuandikwa sana kama zilivyoandikwa Kimvita na Kiamu. Kwa hiyo kila neno likusanywalo huko lina thamani, na kila neno lisahihishwalo kimya kimya, pasipo kuachwa alama ya lilivyokuwa, ni hasara isiyolipika.

Nitatumia kitenzi "kuhakiki" kwa kazi ya kulipima badiliko kabla halijakubaliwa. Najua kwamba "mhakiki" katika vitabu vyetu ni mtu apimaye kazi za fasihi, na kwamba wengine wangependa "kukagua". Lakini kukagua ni kutazama kama kitu kipo na kiko katika hali ipasayo, kama afisa akaguavyo ghala. Kuhakiki ni kutafuta ukweli wa jambo, na neno lenyewe ni ndugu wa "haki" na "hakika". Kwa kazi tunayoizungumza hapa, hilo ndilo lifaalo.

2. Chombo chenyewe

Git kilianza Aprili 2005. Kabla ya hapo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake waliitunza kazi yao kwa BitKeeper, chombo kilichokuwa mali ya kampuni. Ruhusa ya kukitumia bila malipo ilipoondolewa, Torvalds aliandika chombo kingine. Julai ya mwaka ule ule alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wake, naye Hamano ameendelea nao kwa miaka mingi.

Namna kifanyavyo kazi yaweza kuelezwa bila maneno mengi ya kitaalamu. Mtu huanzisha hazina, yaani mahali pa kuwekea maandishi yake. Kila aonapo kwamba kazi imefika mahali pa kukumbukwa, huweka hatua. Hatua hiyo hushika mambo matano: maandishi yote yalivyo wakati ule, jina la aliyeyaandika pamoja na tarehe, jina la aliyeyaingiza hazinani pamoja na tarehe, namba ya hatua iliyotangulia, na maneno machache ya kueleza sababu. Tazama kwamba mwandishi na mwingizaji ni watu wawili, hata ikiwa mara nyingi mtu mmoja ashika kazi zote mbili. Wachunguzi wa miswada wametaabika miaka mingi kumpambanua mtunzi na mnakili, na hapa jambo hilo limewekwa tangu mwanzo.

Namba ya hatua haichaguliwi na mtu. Chombo huipata kwa kupiga hesabu juu ya yote yaliyomo katika hatua, nayo katika njia iliyotumika tangu mwanzo huwa ya tarakimu 40, zilizochanganywa na herufi sita za kwanza za alfabeti. Ikibadilishwa herufi moja tu ya maandishi, namba hubadilika. Tena, kwa kuwa kila hatua imebeba namba ya ile iliyoitangulia, anayelibadili neno la zamani hubadili namba ya kila hatua iliyofuata, na udanganyifu wake huonekana. Msomaji aliyesoma elimu ya hadithi atakumbuka isnadi, ambamo kila mpokezi humtaja aliyepokea kwake, hata ikiwa mmoja katikati hajulikani, mlolongo wote hutiliwa shaka. Ni kweli kwamba mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa ile njia ya kwanza ya hesabu yaweza kudanganywa kwa gharama kubwa, na njia nyingine yenye namba za tarakimu 64 ikaandaliwa. Lakini kanuni ya mlolongo ilibaki ile ile.

Jambo la mwisho ni kwamba kila mwenye nakala ya hazina ana historia yake yote. Mkusanyaji aliyeko Sudi aweza kufanya kazi juma zima bila intaneti, akaweka hatua zake, kisha akazipeleka Lindi au Dar es Salaam apatapo njia. Hazina ya mjini ikiungua moto, ile ya Sudi yatosha kuirudisha.

3. Kiraka

Mtu atakaye kubadili kazi ya wenzake haruhusiwi kuingia hazinani na kalamu yake. Huandika pendekezo, na pendekezo hilo kwa desturi ya watu wa kazi hii laitwa kiraka. Jina hilo ni zuri, maana kiraka hushonwa juu ya nguo iliyopo, wala hakidai kuwa nguo mpya. Katika kiraka mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na unaotiwa mahali pake hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Juu na chini yake huachwa mistari mitatu isiyoguswa, ili msomaji ajue ni mahali gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msomi amekusanya maneno ya wavuvi wa Sudi, na mwenzake ameleta kiraka hiki:

- bamvua: maji makubwa ya mwezi mpevu
+ bamvua: wakati bahari ijaapo sana na kupwa sana, mwezi uandamapo na uwapo mpevu
- Msemaji: "Ntakwenda bamvua likifika."
+ Msemaji: "Nitakwenda bamvua likifika."

Kiraka hakitoshi peke yake. Sharti kifuatwe na maelezo. Watunzaji wa Git wamewaandikia wachangiaji mwongozo, nao wataka maelezo yaanze na tatizo, yaani mambo yalivyo sasa na kwa nini hayafai, ndipo lifuate badiliko lenyewe. Tena wataka badiliko lielezwe kwa hali ya kuamuru, kana kwamba mtu aiambia kazi: fanya hivi, acha vile. Kwa mwanasarufi hili si jambo dogo. Asemaye "nilisahihisha bamvua" asimulia habari zake mwenyewe. Asemaye "eleza kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi" ataja kitakachotokea kiraka kikikubaliwa, na mhakiki apata kitu cha kupima. Mwishoni mchangiaji huweka jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi ile. Desturi hiyo ya kutia sahihi ilianza kwa watu wa Linux mwaka 2004.

4. Badiliko la neno moja, mwaka 2020

Ili tuone uhakiki ukifanyika kweli, tutazame badiliko lililopendekezwa katika Git chenyewe. Nimelichagua kwa sababu shina lake lilikuwa neno.

Katika hazina kila mkondo wa kazi waitwa tawi, na tawi la kwanza la kila hazina mpya Git kililipa jina la Kiingereza "master". Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, Marekani, na mjadala juu ya ubaguzi na masalio ya utumwa ukaenea hata katika istilahi za kompyuta. Wengine walisema kwamba neno lile ni jina la bwana mwenye watumwa, na kwamba katika mitambo mingine limetumika waziwazi kinyume cha neno la mtumwa. Wengine wakajibu kwamba hapa maana yake ni nakala kuu ambayo nyingine hutolewa kwayo, na kwamba haina uhusiano na utumwa. Petr Baudis, aliyelichagua jina hilo mwaka 2005, alisema kwamba mara nyingi alitamani angalichagua "main", yaani kuu.

Mjadala wa namna hii wanaisimu waujua vizuri. Asili ya neno ni jambo moja, na maana yake katika vinywa vya watu ni jambo jingine. Kiswahili chatoa ushahidi ulio wazi kuliko Kiingereza. Mtume na mtumwa wote ni watoto wa mzizi mmoja, "tum". Vivyo hivyo mtumishi. Kwa mzizi tu, mtumwa ni mtu aliyetumwa, na hakuna aibu ndani yake. Lakini nenda kamwambie hayo mzee wa pwani ya Kilwa, ambako katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupakia watu waliotekwa bara. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ile baharini kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, misafara ya bara ikakatazwa mwaka 1876, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Neno lililopita katika mambo hayo haliwezi kupimwa kwa mzizi wake peke yake. Hata hivyo, kujua kwamba neno laumiza hakutuambii bado lirekebishwe vipi, wapi, na kwa gharama ya nani. Hapo ndipo uhakiki waanza.

Juni 2020 Johannes Schindelin, mchangiaji wa siku nyingi, alileta mfululizo wa viraka. Hakupendekeza neno lile lifutwe kila lilipo. Alipendekeza kwamba mwenye kuanzisha hazina aweze kuchagua mwenyewe jina la tawi la kwanza. Jambo hili laonekana dogo, lakini neno lilikuwa limeandikwa moja kwa moja katika sehemu mbalimbali za programu, na kila sehemu ilibidi itazamwe. Wahakiki walisoma, wakauliza, na mfululizo ukarudishwa ukiwa umerekebishwa, zaidi ya mara moja. Hata jina la chaguo lenyewe lilibadilika njiani. Mwanzoni liliitwa core.defaultBranchName, likaishia kuwa init.defaultBranch. Jina la pili lafaa zaidi, maana chaguo lile latenda kazi wakati wa kuanzisha hazina tu, nalo lataja wakati huo katika neno lake la kwanza.

Tarehe 23 Juni 2020 mradi wa Git na shirika la Software Freedom Conservancy, ambalo mradi huo ni mwanachama wake, walitoa tamko juu ya jambo hilo. Toleo la 2.28 lilitoka tarehe 27 Julai 2020 likiwa na chaguo jipya. Kwa asiyechagua, jina la zamani liliachwa mahali pake, wala hazina zilizokwisha kuwapo hazikuguswa. GitHub, ambako watu wengi huweka hazina zao, nayo ilianza kuzipa hazina mpya jina "main" tarehe 1 Oktoba 2020.

Yafaa tuone kilichofanyika. Watu waligombana juu ya swali kubwa, ikiwa neno lile ni baya au si baya, na swali hilo halikuisha. Lakini wahakiki walilitenga na swali dogo: kiraka hiki chafanya nini, chafanya vema, na kitamharibia nani kazi? Swali dogo lilikuwa na jibu, nalo likajibiwa kwa majuma machache.

5. Maswali ya mhakiki

Kutokana na mfano huo, na kutokana na mwongozo wa watunzaji wenyewe, twaweza kutoa maswali ambayo mhakiki wa kiraka chochote hana budi kuyauliza. Nitayaelekeza kwenye kile kiraka chetu cha bamvua.

Swali la kwanza ni: tatizo ni lipi? Katika sehemu ya kwanza ya kiraka lipo tatizo la kweli. Maelezo ya zamani yataja mwezi mpevu tu, ilhali bamvua huja mara mbili, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Tena yataja kujaa yakasahau kupwa, na kwa mwanamke aendaye kuokota chaza na pweza miambani, kupwa ndiko kwenye maana. Badiliko hili lafaa.

Swali la pili ni: je, hili ni badiliko moja au mengi? Hapa kiraka chaanguka. Mlango mmoja umepitisha mambo mawili yasiyohusiana. Kurekebisha maelezo ya neno ni kazi ya mwenye kamusi, naye ana haki ya kuyaandika upya akipata ujuzi zaidi. Kugeuza "ntakwenda" kuwa "nitakwenda" ni kuugusa ushahidi wa mtu aliyesema. Mhakiki aliyevutiwa na usahihi wa sehemu ya kwanza aweza kuikubali ya pili bila kuiona. Ndiyo maana watunzaji wa Git hushurutisha kila kiraka kibebe jambo moja, na mambo mengi yaletwe kwa mfululizo, kila moja likisimama peke yake.

Swali la tatu ni: nani shahidi? Sehemu ya pili ya kiraka haitaji tatizo lolote, wala haisemi kwamba kinasa sauti kimesikilizwa upya. Aliyeileta aliona tu kwamba umbo lile si la Kiswahili Sanifu. Mhakiki ana wajibu wa kuikataa. Kama sauti ingesikilizwa na kuonekana kwamba msemaji alitamka silabi ile ya kwanza kamili, badiliko lingekubaliwa, na sababu hiyo ingeandikwa.

Swali la nne ni: nini kitaharibika? Waandishi wa programu wana majaribio yanayoendeshwa na mashine kila badiliko linapoletwa. Sisi nasi twaweza kuwa na yetu, ya kawaida tu: kila neno lenye rejeo liwe na mahali linaporejea, kila mfano uwe na alama ya msemaji, pasiwe na neno lililoingizwa mara mbili.

Swali la mwisho ni la wakati ujao. Mtu atakayeisoma kazi hii baada ya miaka 20, hali sisi hatupo kumweleza, je, atajua kwa nini tulifanya hivi? Git kina amri ionyeshayo, mbele ya kila mstari, jina la mtu wa mwisho aliyeugusa na hatua aliyougusia. Kwa Kiingereza jina la amri hiyo lina maana ya lawama. Ni utani wa waandishi wa programu, lakini kwa mtafiti jina la haki lingekuwa amri ya ushahidi.

6. Desturi yetu wenyewe

Si kweli kwamba uhakiki ni mgeni katika Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1930, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu vya shule na kutoa kibali. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye jina lake laambatana na kamusi ya mwaka 1939. Kamati ilihama toka mji hata mji mpaka ikageuka mwaka 1964 kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam. Wahakiki wake walikuwa watu makini, na bila kazi yao tahajia tunayoitumia isingalikuwapo. Lakini mtu akikishika leo kitabu kilichopitishwa, kitabu chenyewe hakimwonyeshi mwandishi aliandikaje kwanza, ni maneno gani yaliyogeuzwa, na kwa hoja gani. Badiliko lilihakikiwa, kumbukumbu yake haikuambatana na kitabu.

Tukirudi nyuma zaidi, mfano ulio mkubwa kuliko yote uko jirani ya Sudi. Historia ya kale ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni maandishi ya Kiarabu yaliyonakiliwa mwaka 1877, nakala iliyomfikia John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, kisha ikahifadhiwa London na kuchapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Nyingine ni masimulizi aliyoyatia João de Barros katika kitabu chake cha Kireno cha mwaka 1552. Katika ile ya Kiarabu waliotoka Shirazi walikuja kwa majahazi saba, baba na wanawe sita. Kwa Barros majahazi ni mawili. Je, mmoja alipunguza, au mwingine aliongeza? Au kulikuwako nakala mbili tangu zamani, moja ya watu wa saba na moja ya watu wa wawili? Wanahistoria wameandika kurasa nyingi juu ya tofauti za namna hii, na wataendelea kuandika, kwa kuwa mnakili aliyefanya badiliko hakuacha hatua nyuma yake. Kiraka kimeshonwa, na uzi haujulikani ni wa nani.

Siwalaumu wanakili. Karatasi ilikuwa ghali, na kalamu ilikuwa moja. Sisi hatuna udhuru huo.

7. Mipaka ya chombo

Isidhaniwe kwamba chombo hiki chatosha kwa kila jambo. Kwanza, hakijui maana. Hulinganisha mistari, basi. Aya nzima ikiandikwa kama mstari mmoja, koma moja ikibadilika aya yote huonekana imebadilika, na jicho la mhakiki huchoka bure. Dawa yake ni kuandika kila sentensi katika mstari wake.

Pili, mashine huona tofauti ambazo jicho halizioni. Ile alama ya juu katika ng'ambo na ng'ombe ina maumbo mawili katika kompyuta, moja lililonyooka na moja lililopinda. Wakusanyaji wawili wa Sudi wakitumia maumbo mawili, mashine itaona maneno mawili, na utafutaji wa moja hautalipata jingine. Sharti kundi lichague umbo moja kabla ya kuanza, na uchaguzi huo uandikwe.

Tatu, na hili ndilo zito, hazina haisahau. Sifa tuliyoisifu katika sehemu ya pili yaweza kumdhuru mtu. Mzee wa Sudi akitajwa kwa jina katika ushahidi wa maneno ya uganga, au ya ugomvi wa mashamba, kisha akaja kusema kwamba hataki tena jina lake liwemo, kulifuta katika mstari wa leo hakutoshi, kwa kuwa limo katika hatua zote za nyuma. Kuliondoa kabisa ni kuivunja isnadi na kuijenga upya, na nakala zilizokwisha kwenda kwa watu wengine hazirudi. Kwa hiyo wasemaji na waandikwe tangu siku ya kwanza kwa alama, kama vile M1 na M2, na daftari la majina likae mbali na hazina, mikononi mwa mtu mmoja aliyeaminiwa na wenyeji. Kumbukumbu ya kudumu ni ya maneno na ya mikono ya wahariri. Wasemaji wana haki yao juu ya majina yao, nayo sharti ilindwe kwanza.

8. Hitimisho

Kutokana na haya napendekeza mambo matatu kwa wale watakaokwenda kukusanya maneno kusini, iwe Sudi, Mikindani au Kilwa. La kwanza, ushahidi wa msemaji na maelezo ya mhariri viwekwe katika majalada mbalimbali, na jalada la ushahidi lisiguswe ila kwa sababu ya kusikiliza sauti upya. La pili, pasiwe na badiliko lililoingizwa na yule yule aliyelileta. Mtu wa pili alisome, naye jina lake liandikwe. Inafaa mmoja wa wahakiki awe mwenyeji wa Sudi, hata ikiwa hajapata kuigusa kompyuta, maana kiraka chaweza kusomwa kwa sauti na yeye akajibu kwa mdomo. La tatu, mapendekezo yaliyokataliwa yasitupwe. Yawekwe pamoja na sababu ya kukataliwa, ili mtafiti ajaye asiyalete tena kwa kutojua, au ayalete akiwa na ushahidi mpya.

Huenda msomaji akaona kwamba taratibu hizi zitachelewesha kazi. Ni kweli zitachelewesha. Lakini kamusi ya lahaja ndogo haiandikwi mara mbili, kwa sababu wasemaji wake hawasubiri. Tukiandika "nitakwenda" mahali ambapo mzee alisema "ntakwenda", na tusiache alama, basi baada yake hapatakuwa na mtu wa kuulizwa, na kitabu chetu kitabaki kuwa shahidi wa pekee aliyesema uongo.